Ufunguo wa Kisima: Maji, Ukame na Amani ya Majirani



Wapenzi wasomaji, mmezoea kukuta katika ukurasa huu masuala ya ndoa, malezi na mirathi. Juma hili nawaomba ruhusa niyaweke kando, nizungumze juu ya kisima.

Kisima chenyewe kiko nyuma ya madrasa ninaposomesha. Kilichimbwa na wazee kabla sijazaliwa, kikajengewa ukingo wa mawe ya matumbawe, na maji yake, ingawa yana chumvi kidogo, hunyweka. Katika ukame wa mwaka 2022, mvua zilipokwisha kutupa mgongo msimu baada ya msimu, visima vya mitaa miwili ya jirani vilikauka na hiki chetu kikabaki. Wanawake wakaanza kuja na mitungi yao ya lita 20 tangu kabla ya adhana ya alfajiri. Kamati ya madrasa, nami nikiwa mwenyekiti wake, ikakutana baada ya sala ya isha ikapitisha neno moja: kisima kifungwe kwa mlango wa chuma, na kifunguliwe asubuhi na alasiri kwa watu wa mtaa wetu peke yao. Ufunguo nikakabidhiwa mimi.

Sababu tuliyoitoa ilikuwa nzuri kuisikia. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba kisima kilicho karibu na bahari kikivutwa kupita kiasi, maji matamu hushuka na ya chumvi hupanda, na kikishaharibika hakirudi upesi. Hilo ni kweli tupu. Lakini hatukumwita mtu yeyote wa mitaa ile miwili tukamweleza. Wala hatukumwuliza mwanamke hata mmoja, hata wa mtaa wetu wenyewe, ingawa hakuna mwanamume katika kamati ile aliyewahi kubeba mtungi kichwani.

Siku ya nne palitokea msukumano mlangoni. Binti wa miaka 12, aliyetumwa na mamake kutoka mtaa wa pili, aliangushwa juu ya ukingo wa mawe akavunjika mkono. Usiku ule vijana wa kwao walikuja wakaung'oa mlango, na vijana wa kwetu wakatoka na marungu. Mwenyezi Mungu alituhifadhi, kwa kuwa wazee wawili walisimama katikati yao mpaka wakachoka. Asubuhi bibi mmoja mtu mzima alinijia barazani, akakataa kuketi. Akaniambia, "Maalim, leo ni mkono. Hicho kiangazi kijacho mmekiandalia nini?"

Sikuwa na jibu. Na katika siku zile nilizokosa jibu, fikira zangu zilikwenda Tana.

Kila nisafiripo kwenda Lamu kwa ajili ya Maulidi, gari hupita Garsen na kuuvuka Mto Tana. Ndio mto mrefu kuliko yote katika Kenya, takriban kilomita 1,000, ukianzia katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukazunguka nyika kavu, kisha ukatandazika kuwa delta pana kabla ya kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Katika nchi kame kama ile, delta hiyo ni rehema. Mto ukifurika hulowesha mabonde, na maji yakipungua huacha udongo mweusi wa kupandia mpunga na ndizi, na majani mabichi wakati ambapo nyika nzima imekuwa vumbi.

Wapokomo ni wakulima wa kingo za mto. Waorma na Wawardei ni wafugaji, na mvua zinaponyesha huwa mbali huko barani na ng'ombe wao. Kiangazi kikikaza, wote hao huihitaji delta kwa wakati mmoja. Mgeni angedhani kwamba watu hao hawakuwahi kuwa na siku ya amani. Lakini kwa vizazi vingi waliishi, wakauziana maziwa na nafaka, na wengine wakaoana. Walikuwa na utaratibu wao. Mifugo ilishuka mtoni kwa njia maalumu zinazoitwa malka, ambazo mkulima hakuzilima na mfugaji hakutoka nje yake. Makundi ya mifugo yaliingia bondeni baada ya mavuno, yakala mabua na kuacha samadi. Ng'ombe akiharibu shamba, wazee wa gasa wa Kipokomo na wazee wa matadeda wa Kiorma walikaa, wakakadiria hasara, fidia ikatolewa. Sisemi kuwa hawakugombana. Waligombana, ila ugomvi ulikuwa na mahali pa kupelekwa.

Utaratibu huo haukuvunjwa na ukame peke yake. Huko juu ya mto, kati ya mwaka 1968 na 1988, yalijengwa mabwawa matano ya umeme, Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Nchi imepata nuru kwayo, wala si haki kulikanusha jambo hilo. Lakini mafuriko madogo ya kila mwaka, ambayo mkulima wa chini aliyategemea na mfugaji aliyategemea, yakapungua na kukosa majira. Jiji la Nairobi nalo hunywa sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Ndakaini, lililoko juu ya mto Thika, ambao ni kijito cha Tana. Yaani mtu afunguaye mfereji Nairobi kutia udhu ni mshirika wa mkulima wa Garsen, ajue asijue. Na kule mdomoni mwa mto, karibu na Ozi na Kipini, maji ya mto yakipungua nguvu bahari hupanda ndani, na mashamba ya mpunga hupata chumvi. Ni ugonjwa ule ule wa kisima chetu, kwa ukubwa wa nchi.

Kisha ikaja miradi. Mashamba makubwa yakachukua bonde, baadhi yao yakiwa juu ya malisho ya kiangazi. Mradi wa mpunga wa serikali ulibomolewa na mvua za El Niño za mwaka 1997, ukaacha mifereji iliyokauka na ardhi isiyojulikana ni ya nani. Ilipofika mwaka 2000, pakawa na mpango wa kugawa ardhi kwa hati. Mkulima aliona hati kuwa ni usalama wa shamba lake. Mfugaji aliona kila hati kuwa ni ua unaofunga njia yake ya maji. Wote wawili walikuwa na haki ya kuogopa. Mwaka 2001 damu ikamwagika.

Mwaka 2012 ikamwagika zaidi. Tarehe 22 Agosti, siku chache tu baada ya Idd-ul-Fitr, kijiji cha Riketa kilivamiwa alfajiri. Waliouawa walizidi 50, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Mwezi wa Septemba kisasi kikafuata, kisha kisasi cha kisasi huko Kilelengwani, ambako hata askari polisi waliuawa. Mwezi wa Desemba ikawa zamu ya Kipao. Jumla ya roho zilizopotea katika miezi hiyo ilipita 100. Kwanza huku walilia, kisha kule, na aliyekuwa akiwaosha maiti wa kwake jana ndiye aliyekimbia na watoto leo.

Yapo maneno mengi yaliyosemwa juu ya sababu zake, na serikali iliunda tume ya uchunguzi. Uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa mlangoni, viti vya kaunti vilikuwa vipya, na wanasiasa walikuwa na hamu ya kujua nani atabaki na nani atahama. Sitaki msomaji aseme Sheikh amewasamehe wachochezi kwa kuulaumu mto. Lakini mchochezi huhitaji kuni kavu. Kuni zilikuwa ni malka zilizolimwa, mashamba yaliyokanyagwa, na mabaraza ya wazee ambayo hayakusikilizwa tena na mtu.

Na wala tusidhani kuwa maji yakiwa mengi tumeokoka. Katika mwezi wa Aprili na Mei 2024, mvua kubwa zilijaza mabwawa ya juu yakafurika, na vijiji vya Tana River vikazama. Watu walihama na magodoro vichwani. Miezi michache baadaye, huko Bangale, katika kaunti hiyo hiyo, watu waliuana katika mzozo uliohusu ardhi ya kuwahamishia waathiriwa wa mafuriko. Wataalamu wa hali ya hewa wanatuambia kwamba joto la bahari na hewa linapoongezeka, ukame huzidi kuwa mkali na mvua ikija huja kwa kishindo. Sisi tumeyaona yote mawili katika muda usiofika miaka 5: misimu mitano mfululizo ya mvua kukosa, tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, ukame mbaya kuliko wowote kwa miaka 40, kisha gharika.

Basi swali la yule bibi ni la Tana na ni la kisima chetu. Kiangazi kijacho tumekiandalia nini?

Nilirudi katika vitabu. Nakiri kuwa mlango wa maji katika fiqhi nimeusomesha kwa miaka, nikiishia kwenye tohara: maji yapi yanatoharisha na yapi hayatoharishi. Ile sehemu ya haki za watu katika maji, iliyomo katika mlango wa kuhuisha ardhi mfu, huwa tunaipita mbio kwa sababu haiulizwi katika mtihani.

Humo nimekuta mambo ambayo yangenizuia kuushika ule ufunguo. Mtume wetu (s.a.w.) amefundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Amekataza mtu kuzuia maji yaliyozidi haja yake ili kwa hila hiyo azuie malisho yaliyo kando yake. Tazameni kina cha katazo hilo: limejua kwamba ukitaka kumfukuza mfugaji huna haja ya kugusa majani, funga kisima tu. Wanazuoni wakaweka pia harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka ambalo hakuna wa kulijenga wala kulilima, ili wanyama wapate pa kusimama na kunywa. Malka ya Tana ni nini kama si harimu ya mto?

Nimekuta pia kisa cha Zubayr (r.a.) na jirani yake Muansari, waliogombea mfereji uliopita katika mitende yao. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume (s.a.w.) alimtaka kwanza anyweshe kwa upole kisha amwachilie jirani maji. Muansari akakasirika, akadai kuna upendeleo wa ujamaa. Hapo ndipo Zubayr akaamriwa achukue haki yake kamili ndipo aachilie. Na katika hukumu nyingine ya bonde la Madina, kiasi kikawekwa wazi: wa juu azuie maji mpaka yafike fundo za miguu, kisha ampelekee wa chini. Mimi huvutiwa na kipimo hicho. Hakikusema "kiasi cha kutosha", maana kila mtu hujiona hajatosheka. Kimetaja fundo la mguu, kitu ambacho hata mtoto anaweza kukitazama akasema kimefika au hakijafika. Wa juu na wa chini wa Mto Tana hawajawahi kuwekewa fundo la mguu lao, likajulikana na wote.

Na zamu nayo si jambo geni. Ngamia wa Nabii Swaleh (a.s.) aliwekewa siku yake ya kunywa, na watu wa Thamud siku yao. Wale waliomchinja ngamia yule walivunja amri ya Mola wao, na waliivunja mahali pa maji.

Jamaa zetu walioko Oman wanalijua hili kwa macho. Huko kuna mifereji ya kale iitwayo aflaji, inayoleta maji kutoka chini ya milima mpaka mashambani kwa mteremko tu, bila mashine. Takriban 3,000 ingali inafanya kazi, na mwaka 2006 mitano kati yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Katika aflaji nyingi maji hugawanywa kwa muda. Mchana walitazama kivuli cha kijiti, usiku wakatazama nyota, fulani akafunga mfereji na fulani akafungua. Kila falaji ina wakili wake wa kuusimamia mgao. Nchi ile ni kame kuliko Garissa, na mashamba yamedumu karne nyingi. Maji yao ni machache. Zamu yao ndiyo nyingi.

Sasa nije katika yale yanayofanyika na yanayoweza kufanyika, na hapa nitasema wazi kwa kuwa nimeona fedha nyingi zikipotea.

Jambo tunalokimbilia ni kuchimba. Ukame ukija, mfadhili huja, hupigwa picha, huchimbwa kisima au lambo, ambalo wengine wetu huliita silanga. Ni sadaka njema na thawabu yake haina shaka. Lakini maji mapya huita mifugo, na mifugo mingi ikikaa mahali pamoja humaliza malisho ambayo wazee walikuwa wameyaweka akiba ya miezi migumu. Lambo likichimbwa katikati ya njia, bila wakulima na wafugaji kukubaliana nani anywe lini na mifugo ikae umbali gani, ule ugomvi uliokuwa mtoni umehamishiwa lamboni. Kwa hiyo nawaomba wale wenye nia ya kutoa waulize kwanza swali moja kabla ya kuuliza bei ya saruji: watu wa pande zote wameketi? Kama hawajaketi, waitieni chakula waketi. Sadaka hiyo itakuwa ya bei nafuu kuliko kisima.

Mwaka 2015 ulizinduliwa mpango wa matumizi ya ardhi ya delta ya Tana, uliozungumzwa na wanavijiji wenyewe, na ndani yake mna maeneo ya kilimo, ya malisho, ya hifadhi, na njia za mifugo. Karatasi hiyo ni nzuri. Njia ya ng'ombe, hata hivyo, haionekani katika karatasi. Inataka nguzo, au mistari ya miti, au mawe yaliyopakwa chokaa, na wakati wa kuyaweka ni msimu wa mvua, watu wakiwa wameshiba na hakuna ng'ombe aliyesimama na kiu mlangoni mwa shamba la mtu. Sheria nazo zipo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, imemhakikishia kila mtu maji safi ya kutosha. Sheria ya Maji ya 2016 inawaruhusu watu wa bonde moja kuunda jumuiya ya watumiaji maji wakasimamia mto wao. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka huo huo inaruhusu jamii kumiliki ardhi kwa pamoja, na hilo lingeweza kumtoa mfugaji hofu ya hati bila kumnyima mkulima shamba.

Huko Kitui na Makueni, majirani zetu wa bara wametumia hekima nyingine. Hujenga ukuta wa mawe na saruji kukatisha mto wa msimu. Mvua ikija huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakajificha ndani ya mchanga huo, mbali na jua. Kiangazi wachimba kidogo tu wakateka. Maji yaliyo wazi hunywewa na jua kabla ya ng'ombe. Yaliyo ndani ya mchanga hudumu. Kazi hiyo hufanywa na watu wa kijiji kwa mikono yao, na kwa kuwa wameijenga pamoja, huona haya kupigania.

Na sisi wa mijini na visiwani je? Wazee wetu wa Pate, Ndau na Kiwayu walijenga jabia, wakakinga mvua juu ya sakafu iliyopigwa lipu na kuihifadhi katika birika. Sisi tuliojengewa mabati tumeiacha mvua iende baharini. Chukueni nyumba ya upana wa mita 6 na urefu wa mita 8, ni mita za mraba 48. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mahali ambapo mwaka mzima hunyesha milimita 400 tu, paa hilo hupokea lita 19,200. Ondoeni robo kwa yanayomwagika na yale ya mwanzo yanayoosha vumbi, yabaki zaidi ya lita 14,000. Ni mitungi 700. Mitungi 700 ambayo binti hatatumwa kisimani kuifuata. Mlizamu wa kuongoza maji hayo na tangi la kuyapokea vina gharama, najua, lakini nimehudhuria arusi ambazo gharama ya mapambo ya siku moja ingetosha kwa matangi mawili. Neno hilo nililisema mimbarini, na baadhi ya waliooza mabinti mwezi ule hawakufurahi.

Ndani ya nyumba ni ninyi kina mama mnaojua kila tone lilipokwenda. Maji ya kuoshea mchele humwagiwa mchicha. Mtume (s.a.w.) alitia udhu kwa mudi moja, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa, na akaoga kwa pishi. Sisi wanaume hufungua mfereji wa msikiti tukaanza kuzungumza.

Lakini sikusudii kuwaachia kina mama kubana matumizi tu, huku wanaume wakibaki katika vikao. Kumbukeni Bibi Hajar. Chemchemi ya Zamzam ilipobubujika kwake, na kabila la Jurhum likapita likaona ndege wakizunguka, lilimwomba yeye ruhusa ya kukaa. Akawaruhusu, na akashurutisha kwamba haki ya maji isiwe yao. Wakakubali. Mji wa Makka ulianza na mapatano ya maji ambayo upande mmoja wake alikuwa mwanamke akiwa na mtoto mchanga. Akawakaribisha wageni, na mpaka akauweka wazi siku ya kwanza. Katika kamati za maji nilizozijua, wanawake huitwa kupika siku ya mkutano.

Nawarudisha kisimani, kisha niwaache.

Baada ya bibi yule kuondoka barazani, nilikwenda kumwona binti aliyeumia. Mamake alinipa kiti, hakunipa neno. Nilimwomba radhi, nikagharamia matibabu, na nikaomba mitaa yote mitatu ikutane madrasani, wanawake wawe nusu. Kikao cha kwanza kilikuwa cha kelele. Wanaume wa mtaa wetu walisema kisima ni wakfu wa madrasa. Mwanamke mmoja akauliza wakfu ule ulimwekwa nani, na hati ilipotafutwa ikaonekana mwenye kuweka wakfu hakutaja mtaa. Alitaja wenye kiu. Hati hiyo ilikuwa katika sanduku langu miaka yote.

Walipima wao wenyewe, kwa kamba yenye mafundo, maji hupungua kiasi gani kwa siku na hurudi kwa muda gani. Wakakubaliana kwamba fundo la tatu likionekana kuteka kusimame mpaka asubuhi, awe nani na awe ametoka wapi. Kila nyumba ikapata mitungi mitatu kwa siku, na minne kwa yenye mgonjwa au mzazi. Mitaa ikapewa zamu za saa, na kila Ijumaa mpangilio hugeuzwa ili asiwepo wa kuamka usiku daima. Mwezi wa pili walileta fundi akaweka mlizamu katika paa la madrasa, na masika yaliyofuata tangi likajaa.

Mlango wa chuma tuliurudisha, kwa ajili ya watoto wasitumbukie. Una kufuli mbili, na funguo ziko kwa wanawake wawili wa mitaa tofauti, mmoja wao akiwa mama wa yule binti. Mimi nikitaka maji hupiga hodi.